Sarafu ya ujanja, na jero iliyo mfukoni mwa mtazamaji

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhudumu wa mgahawa hapa Moshi. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiwafanyia wateja mazingaombwe ya mezani kwa sarafu za kawaida. Sasa nimejichanga, nataka kuagiza sarafu za ujanja kutoka nje. Nimeona nusu dola za Marekani: kuna ganda, kuna ya rangi mbili, kuna ya sumaku, kuna ya kukunja. Hela yangu inatosha moja, kwa kujibana mbili. Nichukue ipi? Na nikiwa nayo mkononi, mtu akisema 'lete niione', nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Ungeuliza swali la kwanza peke yake ningekujibu kwa mstari mmoja. Ila hilo la "lete niione" ndilo linaloamua ununue nini, kwa hiyo vumilia.

Tuanze na hiyo nusu dola. Ni sarafu nzuri, sikatai. Ina upana wa milimita 30.6 na uzito wa gramu 11.34, inajaa kiganjani, na vifaa vingi vya sarafu vinavyouzwa duniani vimetengenezwa kwa kipimo chake, kwa kuwa wanunuzi wengi wako Marekani. Lakini hebu keti na dereva wa Hiace pale Mbuyuni, utoe kipande cha chuma chenye uso wa Kennedy. Dola anaijua, ila ya noti. Sarafu hiyo hajawahi kuishika. Kabla hujakunja hata kidole ameshapata jibu: "Hiyo siyo hela, hiyo ni kifaa." Na hapo hata kama umetoa nusu dola halisi kabisa, isiyo na hila yoyote, mchezo umeshakufa. Atakuwa anatazama sarafu badala ya kukutazama wewe.

Jero, yaani sarafu yetu ya shilingi 500, hana habari nayo. Ameshazishika leo asubuhi, amerudishiwa chenji, amempa mtoto ya andazi. Macho ya mtu hayakai juu ya kitu anachokijua. Hiyo ndiyo mali kubwa kuliko ganda lolote utakaloletewa kwa posta, na ipo bure mfukoni mwa kila unayemhudumia.

Sasa sikiliza jambo ambalo wauzaji wa nje hawatakuambia kwa sababu hawalijui. Sarafu yetu ya shilingi 500, ile ya mwaka 2014 yenye Mzee Karume upande mmoja na nyati upande wa pili, ni chuma kilichopakwa nikeli. Ni chuma! Isogezee sumaku uone inavyorukia. Wenzetu wa Marekani wanalipa hela nyingi kununua nusu dola iliyochimbwa ndani na kutiwa kisahani cha chuma, kwa sababu sarafu zao za kawaida ni shaba na nikeli na hazishikwi na sumaku. Wewe umezaliwa nchi ambayo sarafu ya sumaku inatoka Benki Kuu. Ya sumaku usinunue, basi. Nunua sumaku.

Wala usinunue, kwa kuanzia. Nenda kwa fundi kompyuta, mwombe diski kuu iliyokufa. Ndani yake kuna vipande viwili vya sumaku ya neodimiamu, vyembamba na vyenye nguvu ya ajabu. Vinabana vidole na vinavunjika kama kigae, kwa hiyo taratibu. Visikae karibu na mtu mwenye kifaa cha kuendesha moyo, na visifikiwe na watoto. Mtoto akimeza viwili, vinavutana ndani ya utumbo na hiyo ni safari ya hospitali.

Wewe ni mhudumu, na hapo ndipo nakuonea wivu. Mhudumu ana aproni, ana sinia, ana kitambaa, ana kile kijalada cha ngozi cha kuletea bili. Mazingaombwe mengi yanashindwa kwa sababu mtu anaingiza mkono mfukoni bila sababu. Wewe sababu zimejaa mezani.

Chukua kijalada cha bili. Fumua mshono wa upande wa nyuma, tia sumaku kati ya ngozi na kadibodi, shona tena. Juu ya sehemu hiyo gundisha kipande chembamba cha kitambaa chenye rangi ya ngozi, kwa sababu chuma kikikutana na sumaku hulia "ta!", na sauti hiyo imewaumbua wengi. Mteja anakupa jero yake. Mwambie aiwekee alama kwa kalamu ya wino mzito, juu ya nyati. Unaipokea kwa mkono wa kulia, unajifanya kuiweka kushoto, unafunga ngumi ya kushoto. Kumbe imebaki kulia, imelala kwenye mikunjo ya vidole vya kati. Mkono huo huo wa kulia unaokota kijalada kana kwamba unakipisha tu, sarafu inashika chini yake, na tangu hapo mkono wako wa kulia hauna deni. Sasa unaweza kufungua viganja vyote viwili, taratibu, kidole kwa kidole. Hakuna kitu. Zungumza kidogo. Watu wakishatulia, mpe kijalada na bili yake. Akikigeuza, jero yenye alama yake inamtazama.

Angalia ujanja ulipokaa. Sarafu ni yake, alama ni yake, na mwisho anabaki nayo mkononi. "Lete niione" haina pa kuingilia, kwani anayo tayari. Kitu cha siri ni kijalada, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia mhudumu "lete nikague hicho kijalada". Hiki ndicho kipimo ninachokitumia kwa kila kifaa: siri ikae katika kitu ambacho hakuna anayetamani kukishika. Ikikaa ndani ya sarafu yenyewe, utakuwa mlinzi wa sarafu usiku kucha.

Haya, ganda. Najua moyo wako uko huko, na wangu ulikuwa huko pia.

Ganda ni uso mmoja wa sarafu pamoja na ukingo wake, ndani tupu, kama kizibo cha soda. Likipanuliwa kidogo, sarafu nzima inaingia ndani yake na viwili vinaonekana kimoja. Kwa hilo sarafu tatu zinakuwa nne, moja inapenya meza, nyingine inahama kutoka mkono huu kwenda ule. Ni kifaa kikubwa kuliko vyote vya sarafu na sitambishia anayesema hivyo. Ila kina tabia zake. Ganda likigusana na sarafu halilii kama sarafu mbili. Lina mlio mfu, wa kibati. Ukingo wake ni mwembamba, unapinda. Na likiwa juu ya sarafu, ukiligeuza kizembe kwenye mwanga wa balbu, mstari wa duara unaonekana kama ukingo wa sufuria.

Ganda langu la kwanza lilidumu miezi mitatu. Nilikuwa kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi hapa Arusha, sakafu ya vigae, nimezungukwa na watoto, kosa la kwanza hilo. Mkono ulikuwa na jasho. Vikaanguka, sarafu ikaenda huku, ganda likaenda kule. Kabla sijainama, mtoto wa kike wa kama miaka sita ameshalishika, analitazama kwa ndani. Akasema kwa sauti ya ukumbi mzima: "Mama! Hela hii haina nyama!" Watu walicheka mpaka mshereheshaji akasimamisha muziki. Ganda lenyewe lilikuwa limebonyea, halikuingia sarafu tena.

Utaniuliza, kwa nini nisitengenezewe ganda la jero? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni chuma chenyewe. Chuma hicho ni kigumu kwa mashine ya kukerezea na hakikubali kupanuliwa kama shaba. Ukikichimba unaondoa ile nikeli ya juu, na chuma kilicho wazi kinashika kutu, hasa kwa mikono ya jasho. Ya pili ni sheria. Kanuni ya Adhabu ina makosa yanayohusu sarafu, na kupunguza uzito wa sarafu halali ili iendelee kupita kama hela ni mojawapo. Utasema wewe hukusudii kuipitisha. Sawa, kamweleze hivyo askari aliyekukuta na jero tano zilizokwanguliwa ndani na msumeno wa chuma pembeni. Sikushauri. Vifaa vya aina hii nunua vilivyotengenezwa kwa sarafu za kigeni, na fundi wake awe anajulikana kwa kazi hiyo. Kampuni ya Tango ya Argentina, kwa mfano, imekuwa ikiuza maganda kwa wanamazingaombwe miaka mingi.

Ukinunua ganda la nusu dola, lipe uhalali. Usiitoe sarafu ya kigeni kimya kimya kama vile ni ya hapa. Iseme. "Kuna mgeni aliniachia hii, inaitwa nusu dola, shika uone uzito." Unampa ya kweli, anaichezea mpaka anachoka, anakurudishia, ndipo ganda linapoingia kazini. Mimi huwa naanza na hadithi ya neno lenyewe. Nawauliza: "Hela ni neno la wapi?" Wanajibu Kiswahili. Nawaambia lilikuja na Wajerumani, sarafu yao ndogo iliitwa heller, iliingia hapa mwaka 1904 na kuchukua nafasi ya pesa. Basi watu wanaanza kubishana wenyewe, mmoja anadai babu yake alikuwa nazo zenye tundu katikati, na wakati wanabishana mimi nimeshamaliza kazi yote chafu. Ubishi ni pazia zuri. Tena siwaambii wanyamaze.

Pia ganda usilinunue peke yake. Linahitaji sarafu halisi nne za kufanana nalo kwa kuchakaa na kwa mng'aro, na ikiwezekana za mwaka mmoja. Ganda jipya linalong'aa katikati ya sarafu kuukuu ni sawa na kuvaa kiatu kipya mguu mmoja. Muulize muuzaji swali hilo kabla hujalipa. Anayejibu "zote ni sawa tu" achana naye.

Ya rangi mbili ina uso wa nusu dola upande mmoja na upande wa pili peni ya zamani ya Uingereza, ya shaba, ambayo upana wake ni milimita 30.8. Zinakaribiana mno, ndiyo maana wakazioanisha. Kwa Mmarekani ni kifaa kizuri sana. Kwetu ni ugeni juu ya ugeni: mtazamaji anatakiwa azizoee sarafu mbili asizozijua kabla ya kushangaa kwamba zimebadilishana. Iache.

Ya kukunja, ile ya kuingiza ndani ya chupa, imekatwa vipande vitatu na kushikwa na mpira uliozama kwenye mfereji wa ukingo. Kila mtu anaipenda mara ya kwanza, maana mdomo wa chupa ya soda ni mwembamba kuliko sarafu. Lakini mpira unakauka na kukatika, hasa ukiuacha kwenye joto, na chupa ikiwa na sarafu ndani lazima mtu aitake. Ukishamwambia "hapana", umemaliza. Kama lazima, badilisha mpira mapema na ihifadhi ikiwa imenyooka. Sarafu yenye uso ule ule pande zote mbili sitaijadili. Kazi yake ni kamari, na kamari ya stendi ina wenyewe.

Turudi kwenye "lete niione".

Mtu hasemi hivyo kwa sababu ni mbishi. Anasema kwa sababu umemfundisha. Ulipoitazama sarafu kwa muda mrefu, ulipoiinua juu kwa ncha za vidole kama yai, ulipoirudisha mfukoni haraka, ulimwambia kwamba siri iko pale. Jero yako ya kawaida huwa unaishikaje? Unaitupa mezani, unaigonga, unaisukuma kwa kidole. Ya ujanja ishike hivyo hivyo kizembe, ndani ya mipaka yake.

Na usingoje uombwe. Kabla mshangao haujaisha, sarafu ya ujanja iwe imeshaondoka na ya kweli iko mezani. Hapo ndipo miaka yako miwili ya sarafu za kawaida italipa. Anayeweza kuficha sarafu moja vidoleni na kuachia nyingine, ana jibu la kila "lete niione". Asiyeweza, hata akiwa na kabati la vifaa, atakuwa anasema "ngoja kwanza" mpaka uzee. T. Nelson Downs, Mmarekani aliyejiita mfalme wa sarafu na kujaza majumba ya Ulaya zaidi ya miaka 100 iliyopita, alikuwa mpiga telegrafu wa reli. Vidole alivifundisha akiwa kazini. Na wewe una zamu ndefu na mfuko wa chenji.

Kama unataka mwalimu wa karibu, panda kifodi cha Sakina ukae karibu na konda. Mtazame anavyopanga sarafu kwenye mkunjo wa vidole, anapokea noti, anafungua mlango, anapiga kelele, anarudisha chenji, na sarafu hazidondoki wala hafikirii. Mkono wake umelegea. Sisi tukificha sarafu moja tu kiganja kinakuwa kigumu kama cha maiti. Nilijifunza kulegeza mkono kwa makonda, si kwa mwanamazingaombwe yeyote.

Sasa jambo ambalo kwetu ni zito kuliko kwa Downs. Unachezea hela za watu katika nchi yenye chuma ulete, ule uchawi unaodaiwa kuvuta hela za watu. Usimwendee mama lishe wala muuza duka ukachukua jero iliyotoka kwenye droo yake ukaipoteza mbele ya macho yake, hata kama utairudisha baada ya sekunde tano. Mauzo yakiwa mabaya jioni hiyo, atakukumbuka wewe. Niliwahi kufanya hivyo karibu na soko la Kilombero nikiwa kijana. Nikarudisha hela, nikacheka, nikaondoka. Kesho yake nilipopita palikuwa na watu wananingoja, na haikuwa kwa sababu ya kunipongeza. Mzee mmoja wa jirani ndiye aliyeniokoa kwa kuwaambia huyu ni wa mazingaombwe tu, namjua, huzunguka shuleni.

Tangu siku hiyo nina masharti yangu. Hela ya biashara siigusi. Natumia yangu, au ya mtu aliyekaa kustarehe. Natangaza mapema kwamba ni kiinimacho. Ikiwa ni hela ya mtu, inapotea kwa muda mfupi na inarudi kwake ile ile, ndiyo maana napenda alama ya kalamu. Sipokei dau, wala sisemi "bashiri iko wapi". Wenye karata tatu pale stendi wameshaiharibu sentensi hiyo kwa ajili yetu sote.

Watalii ni kinyume chake. Kwao jero ndiyo kitu kigeni, watataka kuigeuza, kuuliza nyati ni wa wapi, kupiga picha. Waachie. Wape dakika nzima na sarafu halisi, waeleze Karume ni nani. Wakishairidhia mikononi mwao hawataiomba tena. Ukiwakatisha mapema, utawapata wameinama juu ya vidole vyako kama madaktari.

Kwa hiyo bajeti yako igawanye hivi. Mwezi wa kwanza usiagize kitu. Tafuta sumaku, tengeneza kijalada, kifanyie kazi mpaka sauti ya "ta" isikike kwako peke yako. Nunua pedi ya kipanya cha kompyuta, ile kubwa nyeusi. Meza za plastiki zinatelezesha sarafu na zinapiga kelele, na pedi hiyo inamaliza yote mawili. Baadaye, kama mkono wa kulia umeacha kukuumbua mbele ya kioo, agiza ganda moja zuri na sarafu zake nne. Bei ni makumi ya dola, na za silva zinapanda zaidi. Bora moja iliyokerezwa vizuri kuliko seti ya bei rahisi inayokwama ikiingia vumbi. Lifute kwa kitambaa kikavu kila usiku na ulitembeze ndani ya kifuko chake, mbali na funguo.

Jambo la mwisho ni la Julai. Baridi ya huku inakausha viganja, na nikeli ya jero ni laini, inateleza kama samaki. Wengi hudhani wamesahau kazi. Paka glisirini kidogo sana nusu saa kabla ya zamu, futa, kisha jaribu. Ukipaka mafuta ya mgando sarafu itakuponyoka ndani ya supu ya mteja, na hiyo siyo hadithi niliyosimuliwa.